Kutoka Kadi hadi Chipu Moja: Picha, Sauti na Ufundi wa Kompyuta Tanzania

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta na televisheni. Kompyuta zilipoanza kuenea katika miaka ya 1990, nyingi zilikuwa na kadi za picha na za sauti zilizotengana; kadi ikiungua, fundi aliichomoa akapachika nyingine. Mwaka 1997 kampuni ya Cyrix ilitoa prosesa ya MediaGX, iliyojumuisha kazi hizo ili kupunguza gharama. Mantiki hiyohiyo ndiyo msingi wa chipu za simujanja. Kwa makazi kama Ipole, wilayani Sikonge, ujumuishaji huo umeleta vifaa vya bei nafuu visivyotumia umeme mwingi, lakini umemwondolea fundi kipuri cha kubadilisha. Kwa hiyo, historia ya chipu ni pia historia ya mamlaka ya matengenezo kuhama kutoka mezani kwa fundi kwenda kiwandani.