Nani Anakumbuka Ile Amri?

Wasee, kila mtu akisimulia historia ya Docker anaanzia Machi 2013: Solomon Hykes jukwaani PyCon, Santa Clara, dakika tano hivi, dunia ikabadilika. Sawa. Lakini chroot ilikuwa ndani ya Unix tangu 1979. FreeBSD ikaleta jela zake mwaka 2000. Linux ikapata cgroups 2008, kazi iliyoanzishwa na mainjinia wa Google. Docker haikuvumbua kontena, iliirahisisha tu.

Mimi kinachoniuma ni kingine. Docker ilitufunza kwamba kontena ni ya kutupwa. Toleo jipya likitoka, unafuta ya zamani, unaunda nyingine. Fiti. Sasa mipangilio je? Poti gani, folda gani ya data, neno la siri la databesi, yote uliyataja kwa amri moja ndefu ya docker run, pengine saa nane usiku, na hukuandika popote. Ukisahau ile folda tu, kontena mpya inawaka vizuri kabisa, halafu databesi iko tupu. Na kama aliyeandika hiyo amri alishaacha kazi? Jipange.

Mwaka 2016 Docker iliongeza amri ya docker update, lakini hiyo inagusa mambo kama memori na CPU. Kubadilisha poti bado ni kuunda upya.

Jibu la maana lilitoka London, kwa kampuni ndogo iliyoitwa Orchard. Programu yao, Fig, ilihamisha mipangilio kutoka kichwani hadi kwa faili. Docker iliinunua Orchard mwaka 2014, Fig ikageuka kuwa Compose. Badilisha faili, piga amri moja, kontena inaundwa upya na data yake inabaki.

Lakini wale walioanza bila faili (yaani wengi wetu, tusidanganyane) walisaidiwa na runlike, kaprogramu ka terminali ambako hakasifiwi vya kutosha. Inasoma kontena iliyopo na kukuandikia upya ile docker run uliyoisahau. Watchtower nayo ilivuta imeji mpya, ikasimamisha kontena na kuiwasha tena na mipangilio ile ile.

Kwa hivyo kabla hujafuta chochote leo, piga runlike kwanza. Kontena bado inakumbuka kila kitu, mpaka ile sekunde unabonyeza Enter.