Mjane ni Nani? Ndoa ya Pili na Hali ya Mke katika Sheria za Kenya

Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, mjane hakuwa lazima mke aliyefiwa. Neno hilo lilimtaja mtu yeyote asiye na mwenzi wa ndoa, mume au mke, kwa kufiwa au kwa kuachwa. Mke aliyefiwa na mumewe aliitwa kizuka muda wote wa eda, na eda ilipokwisha jina hilo likamwondokea. Kiswahili sanifu kimelifinya neno mjane hata likaelekea zaidi kwa mke aliyefiwa, na mume aliyefiwa akapewa neno mgane, ambalo watu wengi hawalitumii. Mfinyo huo si jambo la kamusi tu, maana haki ya mali imewahi kutegemea neno hilo.

Sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, huihesabu hali ya mke kwa siku. Kizuka hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mtalaka hungoja tohara tatu. Mwenye mimba hungoja ajifungue. Aliyepewa talaka rejea huitwa ameachwa, lakini ndani ya eda mume aweza kumrejea bila ya nikahi mpya, na mume akifa kabla ya eda kwisha, mke huyo humrithi. Basi ameachwa kwa ulimi, naye angali mke kwa sheria. Zaidi ya hayo, baba aliruhusiwa kumwoza bintiye bikira bila ya kumwuliza, lakini mwanamke aliyekwisha kuingia nyumba haozwi ila kwa idhini anayoitamka mwenyewe, kunyamaza hakutoshi. Ndoa ya pili humkuta akiwa na kauli ambayo ya kwanza haikumpa.

Kwa Wajaluo mambo ni mengine kabisa. Aliyefiwa huitwa chi liel, yaani mke wa kaburi, kwa kuwa kifo hakiivunji ndoa. Ndugu wa marehemu huingia nyumbani kwa niaba yake, na watoto watakaozaliwa ni wa marehemu. Hapa Kiswahili kimepotosha: msemo “kurithi mke” humfanya mwanamke kuwa mali na humfanya shemeji kuwa mume mpya, hali mila yenyewe haijui ndoa mpya hapo. Sheria ya ndoa za Kikristo za Waafrika ya 1931, iliyofutwa mwaka 2014, iliingia kati kwa kutamka kwamba mke aliyeolewa chini yake, akifiwa, halazimiki kukaa na ndugu wa mumewe.

Kisha ikaja Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kama marehemu hakuacha wasia, naye ameacha mke mmoja na watoto, mke alipewa vyombo vya nyumbani viwe vyake moja kwa moja, na mali iliyobaki aitumie maisha yake yote. Lakini akiolewa tena, haki hiyo ya matumizi ilikoma. Mume aliyefiwa hakuwekewa sharti hilo. Hivyo mjane wa kifungu hicho hakuwa mtu aliyefiwa tu. Alikuwa mtu aliyefiwa na akabaki hivyo.

Waislamu waliitolewa sheria hiyo mwaka 1990, na hapo tofauti yaonekana wazi. Mke Mwislamu hupata thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, au robo ikiwa hakuacha, na wake wakiwa wengi hugawana fungu hilo hilo. Ni fungu dogo, lakini ni milki yake, na kuolewa tena hakumwondolei hata senti. Yule mwingine alishika karibu yote, ila kwa sharti la kutoolewa.

Katiba ya 2010, katika ibara ya 45, imewapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa, na ndoa inapovunjwa. Kwa kadhi, kifo kimekwisha kuivunja na eda inahesabiwa. Kwa mke wa kaburi, hakuna kilichovunjwa.