Barua ya Utani Iliyombebesha Mpelelezi Lawama kwa Miaka 24

Kuna kesi ambazo polisi wanafunga faili, wanarudi nyumbani, wanalala. Halafu kuna hii.

Ni Januari 26, 1966, mjini Adelaide, Australia. Siku ya joto kali. Watoto watatu wa familia ya Beaumont, wa miaka 9, 7 na 4, wanapanda basi kwenda ufukwe wa Glenelg, si mbali na kwao. Walitakiwa wawe wamerudi mchana. Mchana ukapita, jioni ikaingia. Mpaka leo hawajarudi.

Mashahidi walisema waliwaona na mwanaume mrefu, mwembamba. Na kuna kitu kidogo kiliwashtua polisi: watoto walinunua pai kwa noti ya pauni 1, wakati mama yao aliwapa sarafu tu. Nani aliwapa ile noti? Swali hilo lilikosa jibu.

Sasa njoo 1968, ndipo anapoingia mpelelezi wetu. Wazazi walipokea barua zilizojifanya zimeandikwa na binti yao mkubwa. Ikaja nyingine, ya mwanaume anayedai ndiye anawalea na yuko tayari kuwarudisha. Akataja mahali pa kukutana: Dandenong, jimbo la Victoria, safari ya zaidi ya kilomita 700.

Wazazi wakaenda. Mpelelezi naye akawafuata kwa siri, amejibadilisha asijulikane. Wakasubiri wee! Hakutokea mtu.

Baadaye ikaja barua nyingine, tena kwa jina la yule binti. Ilisema jamaa alikuwa tayari kuwaachia, ila alimwona askari aliyejificha, akaona wazazi wamemsaliti. Basi, watoto anabaki nao.

Hebu vuta picha wewe ndiye huyo askari. Umeenda kuwalinda watu, halafu unaambiwa watoto hawakurudi kwa sababu yako. Utalala?

Miaka ikaenda. Akiwa ameshaacha kazi, mpelelezi huyo aliibuka na madai kwamba mwanamke mmoja wa Canberra ndiye yule binti mkubwa. Polisi wakafuatilia. Siye. Mtu ameshakabidhi kitambulisho cha kazi, lakini kesi imegoma kumwachia.

Na zile barua? Mwaka 1992 alama za vidole zilimuumbua mwandishi wake: mwanaume wa miaka 41, aliyeziandika akiwa kijana mdogo. Utani tu! Hakushtakiwa, maana muda ulikuwa umepita sana. Kwa hiyo pale Dandenong hapakuwahi kuwa na mtekaji wala watoto, na askari hakuharibu chochote. Ila ukweli huo ulichelewa miaka 24.

Mama wa watoto alifariki 2019, baba 2023. Wote wameondoka bila kujua. Ardhi imechimbwa mara kadhaa kufuatia fununu, hakuna kilichopatikana, na zawadi ya dola milioni 1 za Australia ilitangazwa kwa atakayeleta taarifa za kweli.

Siku hizi utani wa aina ile hauhitaji hata stempu. Picha ya mtoto aliyepotea inapita kwenye simu yako, mtu anaandika "nimemwona stendi" ili apate tu vicheko. Kwake ni sekunde tano. Kuna mama anatoka mbio kwenda hiyo stendi, na kuna askari atakayejiuliza miaka yote kama alichelewa.

Kama hujamwona, usiseme umemwona.