Gaspra: jiwe lililokuwa njiani

Chombo cha Galileo hakikuundwa kwa ajili ya Gaspra. Safari yake ilikuwa ya sayari ya Mshtarii, na kwa kuwa njia ya huko hukatiza ukanda wa asteroidi, wataalamu wa NASA walitafuta jiwe ambalo chombo kingeweza kulipitia bila kupoteza mafuta mengi. Wakalipata namba 951 katika orodha, jiwe dogo ambalo hadi hapo halikuwa na sifa yoyote ya pekee. Tarehe 29 Oktoba 1991 likawa asteroidi ya kwanza kupigwa picha kwa karibu.

Katika vitabu vya wanaastronomia lilikuwa na miaka 75. Grigory Neujmin aliligundua tarehe 30 Julai 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, akiwa katika kituo cha kutazama nyota cha Simeiz, pwani ya kusini ya Krimea. Kituo hicho kilianza kama darubini ya Nikolai Maltsov, mtu mwenye mali aliyependa nyota, ambaye mwaka 1908 alikitoa kwa kituo kikuu cha Pulkovo, karibu na St. Petersburg. Kazi ya pale ilitaka subira. Bamba la picha liliachwa wazi kwa muda mrefu huku darubini ikizifuata nyota. Nyota zilitoka kama nukta, na kitu kinachosogea kiliacha kistari kifupi. Kistari cha usiku ule Neujmin alikipa jina la Gaspra, kijiji cha mapumziko katika pwani hiyohiyo. Ndipo mwandishi Leo Tolstoy alipouguzwa mwaka 1901 na 1902, waandishi wenzake Chekhov na Gorky wakifika kumjulia hali.

Kwa miongo mingi habari ikawa ni hiyo tu. Mwanga wake ulipopimwa, ilijulikana kwamba hujizungusha kila baada ya saa 7 hivi, na kwamba ni la kundi la asteroidi za mawe.

Galileo nacho kilifika kikiwa na kilema. Kilikuwa kirushwe mwaka 1986, lakini Januari ya mwaka huo chombo cha Challenger kililipuka na safari zote zikasimama. Antena yake kubwa, yenye upana wa karibu mita 5 na iliyokunjwa kama mwavuli, ikawa inasafirishwa kwa lori kati ya California na Florida, kwenda na kurudi. Chombo kiliondoka Oktoba 1989. Aprili 1991 antena ilipoamriwa ifunguke, baadhi ya mbavu zake ziling'ang'ania palepale. Wahandisi waliamini kwamba kilainisho kilikuwa kimesuguliwa kikaisha katika safari zile za lori. Mashine iliyokuwa ivuke mamia ya mamilioni ya kilomita ikaumizwa na barabara!

Ilibaki antena ndogo, yenye kasi ya biti 40 tu kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, picha nzima moja ingehitaji zaidi ya saa 35. Kwa hiyo Galileo kilipopita umbali wa kilomita 1,600 kutoka Gaspra, kilihifadhi picha katika mkanda wake. Za kwanza zilifika Novemba 1991. Nyingi zilisubiri mwaka mzima, mpaka chombo kiliporudi karibu na Dunia mwishoni mwa 1992.

Zilionyesha jiwe lenye pembe na ubapa, urefu wa kilomita 18 na upana usiozidi 11, ambalo bila shaka ni kipande cha mwamba mkubwa uliovunjika. Mashimo madogo yalihesabika zaidi ya 600, lakini makubwa yalikuwa haba, na kwa hiyo uso wake ulikadiriwa kuwa na miaka milioni 200 hivi. Kwa jiwe la angani, huo ni ujana.

Hata hivyo, kwangu jambo zito lilikuwa rangi. Vimondo vingi vinavyoanguka duniani ni vya mawe, kama kile cha Thika, Kenya, cha Julai 2011. Asteroidi za mawe zilishukiwa kuwa chimbuko lao, ila rangi zao zina wekundu ambao vimondo hivyo havina. Juu ya Gaspra, migongo iliyoinuka ilionekana kuwa na rangi tofauti kidogo na mabonde, dalili kwamba uso hubadilika kwa kukaa wazi angani. Ushahidi wa mkononi ulikuja mwaka 2010, chombo cha Japani, Hayabusa, kilipoleta vumbi la asteroidi Itokawa: lilikuwa la aina ileile ya vimondo vya kawaida, likiwa limechakazwa na anga.

Kufikia hapo Gaspra ilikuwa imeshapitwa. Agosti 1993 Galileo kilifika Ida, asteroidi kubwa zaidi yenye mwezi wake mdogo, na sifa zote zikahamia huko. Gaspra iliambulia majina. Eneo moja likaitwa Neujmin, na mashimo yakapewa majina ya miji ya maji ya tiba: Bath ya Uingereza, Rotorua ya New Zealand, Yalta iliyo jirani na kijiji chenyewe, na Helwan ya Misri, kwa upande wetu wa Afrika.