Mshubiri: jani lililouzwa kwa uchungu, likaja kupendwa kwa ute

Kwa karne nyingi, wafanyabiashara wa shubiri walitupa sehemu ya jani ambayo leo ndiyo inayojaza rafu za maduka ya vipodozi. Walichokitaka ni utomvu wa manjano unaochuruzika mara jani linapokatwa. Huo ni mchungu kupindukia. Ulichemshwa ukawa mzito, ukakaushwa kuwa donge jeusi, ukafungwa na kusafirishwa. Ute mweupe wa katikati uliachwa shambani uoze. Historia ya mshubiri kama dawa ya ngozi ni historia ya jinsi ute huo ulivyookolewa, na Afrika Mashariki imo katika historia hiyo tangu zamani.

Ni muhimu kuvitenganisha vitu hivi viwili, maana watu huvichanganya. Chini ya ganda la kijani kuna vijifereji vyenye utomvu wa manjano. Ndani yake mna aloini na kemikali za jamii yake, ambazo huendesha tumbo kwa nguvu. Katikati ya jani kuna ute, ambao takriban asilimia 99 ni maji, na kinachobaki ni sukari zilizoungana kwa minyororo mirefu, madini na viambato vingine kidogo. Mama anayepaka shubiri kwenye chuchu ili mtoto aache ziwa anatumia utomvu. Binti anayejipaka usoni baada ya kuchomwa na jua anatafuta ute.

Wazee wa kale walivijua vyote viwili. Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 1, aliueleza mmea huu katika kitabu chake cha dawa, De Materia Medica, kuwa unaendesha tumbo, unafunga vidonda, unatuliza bawasiri na unazuia nywele kunyonyoka. Katika karne hiyohiyo iliandikwa Periplus, kitabu cha mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi, kile kinachotaja pwani yetu hadi bandari ya kale ya Rhapta. Kinasema kuwa ubani na shubiri vilisafirishwa kutoka bandari ya Kane, huko Hadhramaut.

Baadaye jina kubwa likawa la kisiwa cha Sokotra, mbele ya Pembe ya Afrika, ambako huota aina iitwayo Aloe perryi. Waandishi wa Kiarabu wa zama za kati walisimulia kwamba Aristotle alimshauri Iskandar Mkuu akitwae kisiwa hicho na kupeleka Wagiriki wakakae huko kwa ajili ya shubiri. Hata kama ni hekaya, inaonyesha bidhaa hiyo ilithaminiwa kiasi gani. 

Katika karne ya 19, shubiri ya upande huu wa dunia ilifika Ulaya kwa kupitia Bombay na Zanzibar. Wafamasia wa Uingereza walilijua daraja moja la bidhaa waliloliita shubiri ya Zanzibar, iliyofika ikiwa imemiminwa ndani ya ngozi za wanyama. Unguja ilipewa sifa hiyo kwa sababu ilikuwa gati na soko. Kwa hiyo jina la kisiwa lilisomeka juu ya bidhaa, ilhali aliyekata majani hakujulikana. Hali hiyo, kama tutakavyoona, haijabadilika sana.

Wakati huo Wazungu walikuwa wamekwisha kuupeleka mmea Karibiani. Barbados ilianza kuuza shubiri katika karne ya 17, kisha zikafuata Curaçao na Aruba, ambayo hadi leo ina mshubiri katika nembo yake. Mwaka 1768 wataalamu wawili wa mimea waliupa mmea mmoja majina mawili: Burman aliuita Aloe vera, na Miller akauita Aloe barbadensis. Burman alitangulia kuchapisha kwa siku chache tu, hivyo jina lake ndilo rasmi. La Miller bado linasomeka kwenye chupa nyingi za losheni. Mwaka 1851, T. na H. Smith wa Edinburgh waliitenga aloini. Hadi hapo sayansi ilikuwa ikifuata njia ya biashara, na biashara ilikuwa ya tumbo.

Kilichobadilisha mambo ni eksrei. Mwanzoni mwa karne ya 20 mionzi ilitumiwa kwa pupa, hata kuondolea nywele usoni, na wengi waliungua ngozi. Mwaka 1935, madaktari wawili wa Marekani, C. E. Collins na C. Collins, waliandika katika jarida la madaktari wa mionzi habari za mwanamke wa miaka 31 aliyepata jeraha la namna hiyo kwenye paji la uso. Walimpaka mshubiri mbichi. Muwasho ukatulia ndani ya saa 24, na baada ya wiki tano ngozi ikawa imepona. Alikuwa mgonjwa mmoja, bila wa kulinganisha naye, lakini habari ilienea haraka kwa kuwa madaktari hawakuwa na dawa nyingine ya maana.

Baada ya mabomu ya atomiki, serikali ya Marekani nayo ilipata sababu ya kujali majeraha ya mionzi. Mwaka 1953, Lushbaugh na Hale walichapisha majaribio waliyofanya kwa sungura walioumizwa kwa mionzi ya beta, wakaona kwamba ngozi iliyopakwa mshubiri ilipona haraka zaidi.

Hata hivyo, daktari aliyeutaka ute alilazimika kuwa na mmea dirishani. Jani likishakatwa, vimeng'enya huanza kuzivunja zile sukari ndefu, hewa huugeuza ute rangi, na bakteria hujialika. Donge la shubiri liliweza kukaa miezi baharini bila kuharibika, lakini ute haukumaliza hata siku chache. Hii ndiyo sababu kuu iliyofanya utomvu utawale soko kwa muda mrefu namna ile.

Ufumbuzi ulikuja miaka ya 1970 huko Texas, ambako mfamasia Bill Coats alikuwa mmoja wa waliobuni njia ya kuuhifadhi ute kwa kuuchanganya na viambato vinavyozuia usioksidike. Viwanda vikajifunza kumenya jani kwa mkono, kuosha utomvu, kuchuja kwa mkaa maalumu na kupasha moto kwa muda mfupi. Mashamba yakatanda bonde la Rio Grande, kisha Meksiko. Mwaka 1978 ilianzishwa Forever Living, kampuni ambayo mawakala wake wamezipeleka bidhaa za mshubiri hadi sebuleni kwa watu wa Nairobi na Dar es Salaam.

Je, soko hilo lilijengwa juu ya ushahidi? Kwa sehemu tu. Uchambuzi wa mwaka 2007 ulikusanya tafiti nne zenye wagonjwa 371 wa majeraha ya moto, ukaonyesha kuwa mshubiri ulipunguza muda wa kupona kwa takriban siku tisa. Lakini mwaka 1991, kina mama ambao vidonda vyao vya upasuaji vilichelewa kufunga walipotibiwa kwa ute, walichukua wastani wa siku 83, dhidi ya siku 53 za waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Tena mwaka 1996, wanawake 194 waliokuwa wakipata mionzi ya saratani ya matiti walipojaribiwa, ute haukuwakinga na madhara ya mionzi kwenye ngozi. Yaani jambo lilelile lililoupa mshubiri umaarufu ndilo lililoshindwa kuthibitishwa.

Utomvu nao umepoteza heshima yake ya kale. Mwaka 2002, mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kuendesha tumbo zenye shubiri, zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, ziondolewe sokoni, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Majaribio ya baadaye yaligundua uvimbe kwenye utumbo wa panya waliolishwa dondoo la jani zima ambalo halijachujwa. Kwa hiyo anayechuma jani nyumbani na kujipaka asiruke hatua ambayo viwanda haviiruki: alisimamishe jani hadi utomvu wote wa manjano uishe kuchuruzika, alioshe, ndipo akwangue ute. Na kama ni kidonda kirefu, aende hospitali.

Huku kwetu, mambo yamekwenda kinyume: biashara imebaki kwenye utomvu. Kenya na Tanzania zina aina nyingi za mshubiri wa asili, kama Aloe secundiflora, ambao Wamaasai huuita osuguroi na Wakamba kiluma. Wanunuzi wa utomvu walipoanza kuumaliza porini, rais wa Kenya alipiga marufuku uvunaji huo mwaka 1986. Biashara haikukoma. Iliingia gizani, wachumaji wa Baringo, Samburu na Turkana wakaendelea kuchemsha utomvu na kuuza kwa bei ya mnunuzi. Mwaka 2007 zilitungwa kanuni zinazoruhusu mshubiri uliopandwa shambani kuuzwa kwa leseni.

Juu ya hayo kuna mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES. Unadhibiti mishubiri yote ya asili isipokuwa mmoja: Aloe vera. Mkulima wa Meksiko anauza ute wake nje bila kibali cha CITES. Mkulima wa Baringo mwenye mshubiri wa kwao anakihitaji. Sheria hiyo ina sababu nzuri, kwani mimea ya porini ilikuwa inaisha. Lakini matokeo yake ni kwamba watengenezaji wa sabuni na losheni huona ni rahisi kupanda au kuagiza mmea wa kigeni kuliko kuutafiti ule unaoota nyuma ya boma.

Faida katika mmea huu haikuwahi kumfuata mwenye pori. Katika karne ya 19 ilimfuata aliyemiliki gati, na tangu miaka ya 1970 inamfuata anayejua kuuzuia ute usiharibike. Kuuza utomvu mbichi kwa debe ni kubaki kwenye biashara ambayo dunia imeanza kuipa kisogo. Kinachohitajika Baringo ni maabara ya kupima ute wa Aloe secundiflora, majaribio kwa wagonjwa wa kweli, na mtambo wa kuchuja ulio karibu na shamba.