Kabla hujatia sahihi: yanayovunja mkataba wa franchaizi

Ndugu zangu wa Pwani, wako kati yetu wanaofungua maduka na mikahawa kwa jina la kampuni kubwa. Huo ndio mkataba wa franchaizi: jina na utaratibu ni wao, mtaji na jasho ni lako. Kenya haina sheria maalumu ya mikataba hii. Kwa hivyo wategemea yaliyoandikwa, pamoja na sheria ya kawaida ya mikataba.

Sababu za kuvunja zinazoandikwa mara nyingi ni hizi:

- kutolipa mrabaha kwa wakati;
- kushusha ubora au kuuza bidhaa zisizoruhusiwa;
- kutumia nembo vibaya au kutoa siri za biashara;
- kufilisika, au kuuza duka bila idhini.

Nawe uweze kuvunja, mwenye jina akikosa kuleta bidhaa au mafunzo aliyoahidi. Hakikisha limeandikwa.

Mimi hutazama vifungu viwili kwanza: muda wa kurekebisha kosa baada ya notisi, na kuvunja bila sababu. Hicho cha pili ndicho cha kuogopa. Umenunua vifaa, umekodi duka miaka 6, kisha waambiwa ushushe kibao kwa siku 30, na kosa huna. Kikatae, au udai fidia iandikwe humo humo.