Wiki za mwisho ku Bulaya: wanafunzi wa Congo mjini Brussels, 1960



Kila mwaka kuna mmoja wetu anayemaliza muhula wake ku Bulaya, iwe Louvain-la-Neuve, Liège au Lille. Zile wiki za mwisho anazijua yeye mwenyewe. Mitihani inamngoja, mwenye nyumba anataka chumba kikiwa safi, valizi ni moja na kilo zake zimehesabiwa, na simu kutoka Mapendo haiachi kulia. "Unarudia lini?" "Utatuletea nini?"

Leo tuongee juu ya wanafunzi walioulizwa maswali hayo mawili na nchi nzima. Ilikuwa Brussels, kati ya Januari na Juni 1960. Shuleni tulifundishwa Lumumba, Kasa-Vubu na Mobutu, na hao vijana tukawapita haraka. Lakini mambo mengi yanayotusumbua mpaka leo yalipita kwenye mikono yao.

Tuanze na hesabu. Wabelgiji walifungua shule za msingi nyingi, ila mlango wa chuo kikuu waliufunga kwa muda mrefu. Mkongo aliyetaka masomo ya juu alikuwa na njia moja tu: seminari, awe padri. Thomas Kanza njo alivunja ile desturi. Aliingia Chuo Kikuu cha Louvain mwaka 1952, akasoma saikolojia na elimu, akamaliza 1956. Alikuwa Mkongo wa kwanza asiye padri kupata diploma ya chuo kikuu Ubelgiji. Huku nyumbani, Lovanium ilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, na chuo cha Elisabethville kikafuata 1956. Basi uhuru ulipofika, waliomaliza chuo walikuwa wachache mno. Vitabu vingine vinasema 16, vingine vinakaribia 30, kufuatana na nani anahesabiwa. Na nchi ilikuwa na watu karibu milioni 14. Pita leo kwenye avenyu mbili tatu za Mapendo, uhesabu waliomaliza UNIGOM, ULPGL na ISIG. Utafika 30 kabla ya saa sita.

Januari 20, 1960, viongozi wa vyama walikusanyika Brussels kwa Meza ya Duara. Kivu yetu ilikuwa na Anicet Kashamura wa CEREA. Lumumba alitolewa gerezani na akafika Januari 26. Kesho yake tu tarehe ikakubaliwa: uhuru Juni 30. Kabasele na African Jazz nao walikuwa mjini, na wimbo wao wa uhuru ukazaliwa hukohuko. Wanafunzi Wakongo wa Ubelgiji hawakubaki pembeni. Waliijua nchi ile na walisoma magazeti yake kila siku. Marcel Lihau, aliyekuwa anasoma sheria Louvain, alikuwa mmoja wa waliowasukuma viongozi wasimame kambi moja mbele ya Wabelgiji. Na kweli walisimama kambi moja. Mkutano ukafungwa Februari 20, viongozi wakafunga valizi wakarudi kujitayarisha kwa uchaguzi wa Mei. Wanafunzi wakabaki na vitabu vyao.

Hapa njo pa kusimama kidogo. Ile meza ya Januari ilikuwa ya siasa: bunge, rais, waziri mkuu. Meza ya pili, ile ya uchumi, ilianza Aprili 26 na kuisha Mei 16. Huko waliongea juu ya mali: madeni ya koloni, sarafu, migodi, na hisa ambazo koloni ilikuwa nazo kwenye makampuni makubwa. Sasa, wakubwa wa vyama walikuwa wapi? Walikuwa kwenye kampeni, kijiji kwa kijiji. Walituma watu wa daraja la pili, na wengi wao walikuwa wanafunzi waliokuwa tayari Ubelgiji. MNC ya Lumumba ilimtuma Joseph Mobutu, kijana wa miaka 29, mwandishi wa habari aliyekuwa Brussels kwa mafunzo ya kazi.

Jiweke mahali pao. Ni Mei, mitihani ya Ubelgiji inaanza Juni. Una ukurasa 300 wa kozi ya kurudilia. Halafu unaambiwa uingie kwenye chumba ambamo ng'ambo ya meza kuna wataalamu wa wizara na watu wa benki waliofanya kazi hiyo tangu kabla hujazaliwa. Wao wana faili zote, wewe una kalamu. Una wiki tatu. Miaka mingi baadaye Mobutu mwenyewe alikubali kwamba wenye fedha wa Ubelgiji waliwazidi ujanja.

Matokeo hayakukawia. Juni 17, 1960, sheria ya Ubelgiji iliruhusu makampuni ya koloni kuhamisha makao yao na kuwa makampuni ya Kibelgiji. Siku chache kabla ya uhuru, Kamati Maalum ya Katanga ikavunjwa. Kamati ile njo ilibeba hisa zilizoipa koloni sauti kubwa ndani ya Union Minière, na koloni ilikuwa na theluthi mbili za kamati yenyewe. Kwa hiyo Juni 30 Congo ilipata bendera, lakini sauti yake ndani ya kampuni ya shaba ilikuwa imepunguzwa. Kesi ya zile hisa na madeni iliendelea mpaka masikilizano ya Tshombe na Spaak, Februari 1965.

Je, ni makosa ya wanafunzi? Hapana. Waliwekwa mahali ambapo hata profesa wao angetoka jasho. Lakini tusiseme pia kwamba hawakuwa na kazi yoyote katika historia.

Juni ikapita. Julai 5 askari wa Force Publique waliasi, kwa kuwa hata baada ya uhuru hakukuwa na ofisa mweusi hata mmoja. Wafanyakazi Wabelgiji wakakimbia kwa maelfu, ofisi zikabaki tupu. Julai 11 Katanga ikajitenga. Septemba 5 Kasa-Vubu akamfukuza Lumumba, na Septemba 14 Mobutu, sasa kanali, akasimamisha wanasiasa wote. Aliita nani kuongoza? Wasomi na wanafunzi, kutoka Ubelgiji na kutoka Lovanium. Serkali yao iliitwa Chuo cha Makamishna Wakuu. Justin Bomboko aliyesoma Brussels akawa mkubwa wao, Albert Ndele akachukua fedha, Lihau akachukua sheria. Msaidizi wa Lihau alikuwa mwanafunzi wa Lovanium, Étienne Tshisekedi. Oktoba, wakati madarasa ya Louvain yanafunguliwa tena, kuna vijana waliopaswa kukaa kwenye benchi ambao walikuwa Léopoldville wakitia saini barua za serkali.

Tumezoea kusema: "Congo iliharibika kwa sababu haikuwa na wasomi." Ni nusu ya ukweli. Kwa miezi michache, mpaka Februari 1961, Congo ilikuwa na serkali ambayo karibu yote ilikuwa ya watu wa chuo kikuu. Na ni chini ya serkali hiyo Lumumba alipakizwa ndege akapelekwa Elisabethville, Januari 17, 1961, akauawa usiku uleule. Diploma haikuwazuia. Elimu inakufundisha kusoma mkataba. Kama utakubali au utakataa kuutia saini, hilo ni jambo lingine.

Haki yao tuwape pia. Tshisekedi alirudi darasani na kupata udaktari wa sheria mwaka 1961. Ndele aliongoza benki ya taifa kwa miaka mingi. Lihau alishiriki kuandika Katiba ya Luluabourg ya 1964, na 1968 akawa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu. Baadaye hao wawili, yeye na Tshisekedi, walikuwa kati ya waanzilishi wa UDPS, chama kilichompinga Mobutu. Kwa hiyo mtu anaweza kuanza pabaya na kumalizia pengine.

Sasa turudi kwetu. Mwenzetu aliye kwenye wiki za mwisho ku Bulaya leo anasikia ushauri wa aina mbili. Mmoja unasema: "Baki kule, huku kuna nini?" Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki zilifungwa, wazazi wengine wanaogopa kabisa. Mwingine unasema: "Rudi haraka, nchi inakuhitaji." Mimi naona 1960 inajibu yote mawili. Wale vijana walirudi, tena haraka sana. Kilichokosekana ni wakati wa kumaliza, na faili mkononi. Anayeitwa mezani bila faili anakuwa kiti tu.

Basi kama uko Brussels na umebakiwa na siku kumi, acha kwanza maduka. Panda tramu namba 44 mpaka Tervuren. Ile nyumba ya makumbusho ina ramani na karatasi za jiolojia na migodi ya Congo. Tafuta territoire yako, Masisi, Walikale, Rutshuru au Kalehe, uombe nakala au upige picha panaporuhusiwa. Nenda pia kwenye Nyaraka za Taifa za Ubelgiji, ambako karatasi nyingi za koloni zimewekwa. Hizo hazina uzito kwenye valizi. Na mama atakapouliza pale nyumbani umeleta nini, mpe simu aliyoomba, halafu zile nakala zilete kwetu tuzisome pamoja.

Siku moja kutakuwa na meza nyingine juu ya mali ya Kivu. Aliye na faili atakaa kwenye meza hiyo namna gani, na ambaye hana atakaa namna gani? Nangoja mawazo yenu.